Zimesimama Zote

Kuna watu wanaojua, kuna watu wasiojua, halafu kuna Mtaalamu. Jina hilo hakupewa na chuo. Alipewa na mjomba wake, Meneja wa dobi, siku alipomleta kuwatambulishia wafanyakazi. "Huyu ni mtaalamu," Meneja alisema, mkono wake ukiwa begani kwa mpwa wake, na tangu hapo hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na mama yake. Hata yeye mwenyewe akipokea simu alisema, "Ndiyo, Mtaalamu hapa."

Bibi Kasoro alikuwa amesimama nyuma kabisa siku hiyo, akitafuna karanga. Yeye ndiye aliyekuwa fundi wa programu pale dobi kabla mpwa hajashushwa, na jina lake la utani alilipata kwa haki. Ukimpelekea chai atakuonyesha ufa wa kikombe. Ukimwonyesha picha ya mtoto wako atauliza aliyepiga alikuwa anatazama wapi. Hakuwa bibi wa umri, alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani na ulimi, na kwa kuwa kasoro alizozitaja kila mara zilikuwepo kweli, watu walimchukia kuliko ambavyo wangemchukia mwongo.

Dobi lenyewe halikuwa la beseni na sabuni ya mche. Lilikuwa ukumbi mrefu uliojaa mvuke, mashine za kufulia upande huu, za kukaushia upande ule, na katikati mkanda mpana unaotembea kutwa. Mashuka ya mahoteli na hospitali yaliingia na malori asubuhi yakatoka nayo jioni. Kazi ngumu ilikuwa pale katikati, kuyatoa mashuka yaliyolowa kwenye kikapu kikubwa cha chuma na kuyapandisha kwenye mkanda. Shuka lililolowa si la kuchezea. Wanawake wa pale waliugua migongo kabla hawajaugua kitu kingine, na mmoja wao alikuwa dada yake Bibi Kasoro, mkubwa wake tumbo moja, aliyemlea tangu mama yao alipofariki.

Ndipo Meneja akanunua mkono wa chuma. Ulikuja ndani ya sanduku la mbao, ukafungwa kwenye meza karibu na kikapu, ukachomekwa kwenye soketi ya kawaida ukutani, ile ile iliyokuwa ya pasi. Kile kitufe chekundu cha hatari kilichokuwa ukutani kilikata umeme wa mkanda peke yake. Hakuna aliyekiunganisha na mkono, kwa sababu mkono ulikuja na kompyuta yake, na kompyuta ilikuwa na skrini, na kwenye skrini kulikuwa na kitufe kilichochorwa kikaandikwa SIMAMISHA. Meneja alipokiona kitufe hicho aliona usalama umekamilika.

Kuuendesha mkono huo kulihitaji mfumo, na Bibi Kasoro aliupenda mfumo huo kwa dhati, yeye ambaye hapendi kitu. Haukuwa programu moja kubwa inayojifanya kujua yote. Ulikuwa na programu nyingi ndogo ndogo, kila moja na kazi yake: hii inaendesha mkanda, ile inapiga hesabu ya kiwiko, nyingine inapima uzito. Mfumo unaziamsha zote asubuhi kutoka kwenye faili moja la kuwashia, unazisimamia, na ukiambiwa simama unaziambia zote zisimame, kisha unahakikisha. Ni utaratibu wa watu wazima.

Mtaalamu hakuutaka. Alikuwa na programu yake ya kukamata nguo, aliyoiandika kwa namna yake, nje ya mfumo, na kuiandika upya kwa kufuata taratibu za wengine aliona ni kujishusha. "Mfumo wenu uiite tu kutoka nje," alisema. "Ukiita, itaitika."

Hilo peke yake si dhambi. Mfumo unaruhusu programu za nje: unaitaja kwenye faili la kuwashia nayo inaamka pamoja na wenzake. Lakini Mtaalamu hakuitaja programu. Aliandika faili jingine dogo la amri, ambalo kazi yake ya kwanza ilikuwa kuandika jina lake kwenye skrini kwa herufi kubwa, na kazi yake ya pili kuiamsha ile programu. Hilo faili dogo ndilo alilolitaja kwenye mfumo. Kwa hiyo mfumo ulimjua mjumbe, haukumjua aliyeamshwa na mjumbe. Ukibonyeza SIMAMISHA, mfumo ulimwua mjumbe, ukaona kweli kafa, ukaandika kwa rangi ya kijani: ZIMESIMAMA ZOTE. Na huko nyuma programu ya kukamata ilibaki hai, yatima, haina mzazi wala msimamizi, ikitazama kikapu kwa kamera yake yenyewe. Kitu kikisogea mle ndani, inakamata. Kisiposogea, inatulia kimya.

Siku ya majaribio walikusanyika wote. Mtaalamu alikuwa amevaa koti jeupe la maabara, ingawa maabara ya karibu ilikuwa mtaa wa tatu. Alibonyeza SIMAMISHA, herufi za kijani zikaja, mkono ukatulia. Akaupiga kofi la kirafiki. Kikapu kilikuwa kitupu, kwani hakutaka mashuka safi yachafuliwe na majaribio, na ndani ya kikapu kitupu hakuna kinachosogea. Meneja akapiga makofi, na wengine wakafuata kwa sababu ni Meneja aliyeanza.

Bibi Kasoro hakupiga. Alikaa kwenye kompyuta, akaiambia imwonyeshe programu zilizo hai, akaikuta ile ya Mtaalamu imo, macho wazi.

"Programu yako haijafa," alisema.

Mtaalamu alicheka kwa pua. "Skrini imeandika nini?"

"Skrini imeandika ilichoambiwa. Mimi naangalia kilichopo."

"Hayo ni mabaki tu. Yanajifuta yenyewe."

"Mabaki gani yanayotazama kamera?"

Meneja alishusha pumzi kwa namna ya mtu anayeonewa. "Fundi, kwani wewe lini uliona kitu kikakupendeza? Huyu kijana ametoka kusoma huko mbali, anatuletea maendeleo, wewe unamwonea wivu mbele za watu."

"Ni neno moja tu," Bibi Kasoro alisema, akimwelekea Mtaalamu kana kwamba Meneja ni pazia. "Lile faili lako dogo, mstari wa mwisho, unaongeza neno moja mbele yake. Ukiliweka, mjumbe hamwamshi mtu mwingine. Yeye mwenyewe anageuka kuwa ile programu. Mfumo ukimwua, kumekwisha."

"Faili langu halina makosa. Na lisiguswe na mtu yeyote bila ruhusa yangu. Ile ni kazi yenye jina."

"Jina tumeliona. Kila asubuhi linatusalimia."

Debe tupu haliachi kuvuma, na ndani ya ukumbi ule yalikuwapo mawili, moja mjomba na moja mpwa. Hivyo ndivyo Bibi Kasoro alivyowaza akipanda ngazi kurudi chumbani kwake juu, na alijicheka peke yake kwa wazo hilo. Angeweza kuwamaliza pale pale. Palikuwa na taulo kwenye meza ya kukunjia. Angelichukua, akalitupa ndani ya kikapu, mkono ungeamka na kulidaka huku skrini ikiendelea kudai kila kitu kimesimama, na ubishi ungekwisha bila neno la pili. Aliliona taulo. Hakuligusa. Alikuwa amechoka kumshinda mjinga mbele ya wajinga, na alijua kwamba hospitali kubwa ingetuma wageni kuja kuutazama mkono huo kabla ya kuagiza wa kwao. Mbele ya watu hao, aliona, taulo litakuwa na thamani zaidi.

Mchana alimfuata dada yake uani, kwenye bomba, ambako wanawake wa kikapuni walikuwa wanakula. Alimvuta pembeni.

"Dada, ile mashine. Shuka likinasa, usiingize mkono hata wakibonyeza kusimamisha. Chomoa plagi kwanza."

"Si inaandika imesimama?"

"Inaandika. Anayeandika hajui."

Mashuka yalinasa kila mara. Kona ya shuka inashikwa na waya wa kikapu, mkono wa chuma unavuta, unashindwa, unaachia na kutulia, na hapo lazima mtu aingize wake wa nyama ainasue. Dada yake alilijua hilo kuliko yeyote.

"Na wenzangu?" aliuliza.

"Waambie nao."

"Nitawaambia. Lakini fundi si wewe? Mbona usitengeneze?"

"Nimesema, wamenicheka. Wewe subiri wageni waje. Utaona mtu anavyovuliwa nguo hadharani."

Dada yake alitafuna polepole, akameza. "Mimi sina hamu ya kumwona mtu uchi, mdogo wangu. Nataka kunasua shuka bila kuacha kidole mle ndani."

"Hutaacha. Chomoa plagi."

Wakawa wanachomoa. Kila shuka likinasa, mmoja alikwenda ukutani, akavuta, mwenzake akanasua, wakachomeka tena, na mkono ukachukua muda wake kuamka na kujinyoosha na kuandika jina la Mtaalamu. Meneja alipoona mkanda unakaa bure alitaka kujua ni nani anayeichezea mashine yake. Alipoambiwa ni kwa ajili ya usalama aliuliza usalama gani unaopita ule ulioandikwa kwa kijani. Kisha akaagiza plagi izungushiwe utepe mpana wa gundi, tabaka juu ya tabaka, na akatangaza kwamba atakayeubandua atafute dobi lingine la kufulia.

Dada alimpandia Bibi Kasoro ofisini, jambo ambalo hakuwa akilifanya, kwa sababu sare yake ililowa na aliogopa kuchafua viti. Alisimama mlangoni.

"Ametufungia plagi."

"Nimeona."

"Akiwa hayupo tunabandua, tukimaliza tunarudishia. Akiwa amesimama pale tunajifanya hatuoni shuka lililonasa mpaka aondoke. Siku asipoondoka tutafanyaje?"

"Wageni wanakuja keshokutwa. Vumilia mpaka hapo."

"Na hilo neno lako moja?"

"Faili si langu, dada. Kasema lisiguswe bila ruhusa yake. Nikiligusa nikalitengeneza, atasema halikuwa na kosa tangu mwanzo, na mjomba wake atampigia makofi. Unamjua yule." Bibi Kasoro alikuwa akiongea huku anatabasamu, kwa kuwa alikuwa ameshaiona siku yenyewe: taulo hewani, midomo wazi, koti jeupe likitafuta pa kujificha. "Hebu nitafutie taulo moja kuukuu huko chini. Jeupe."

"La nini?"

"Utaiona kazi yake."

Dada yake alimletea taulo hilo kesho yake, limekunjwa vizuri, na hakuuliza tena.

Wageni walikuja asubuhi. Mkubwa wao alikuwa daktari, mama mmoja mtu mzima aliyenyamaza sana na kutazama sana, pamoja na wanaume wawili waliofanya kazi ya kuitikia alichotazama. Meneja aliwapokea kwa hotuba iliyoanzia siku za mababu waliofua kwa mawe. Aliutembeza mkono wake mwenyewe hewani kuonyesha jinsi mkono wa chuma unavyotembea, ingawa ule wa chuma ulikuwa hapo hapo ukitembea bila msaada wake. Mtaalamu alisimama kando ya skrini, koti limepigwa pasi mpaka likaweza kusimama bila yeye.

Haki lazima isemwe: mkono ulifanya kazi nzuri. Uliinama, ukachota shuka, ukalikung'uta, ukalilaza mkandani. Daktari aliinamisha kichwa kidogo, na wale wawili wakainamisha vya kwao. Bibi Kasoro alikuwa amejibanza kwenye nguzo, taulo liko kwapani, akingoja shuka linase.

Likanasa. Kona ilishikwa, mkono ukavuta, ukavuta tena, ukaachia na kutulia.

Meneja alisugua viganja. Badala ya kuona aibu aliona bahati. "Vizuri sana, wageni wetu, sasa mtaona upande wa usalama. Mtaalamu, simamisha."

Mtaalamu alibonyeza. ZIMESIMAMA ZOTE, ikaandika skrini.

"Mama," Meneja alimwambia dada yake Bibi Kasoro, aliyekuwa karibu zaidi na kikapu, "tunasulie hilo shuka, wageni waone."

Dada hakusogea. Aliitazama plagi iliyovimba kwa utepe, akamtazama Meneja aliyekuwa akitabasamu kwa meno yote, kisha akamtafuta mdogo wake kwa macho ukumbini mpaka akampata kwenye nguzo. Mikono yake ilikuwa mbele ya aproni, mmoja umeshika mwingine, na vidole vyake vilikuwa vimekunjamana kwa maji ya moto ya miaka yote ile.

"Mama, tunakungoja," Meneja alisema.

"Asiingize mkono," Bibi Kasoro alisema.

Alisogea mbele taratibu, kwa sababu alijua wote wanageuka kumtazama na hakutaka kuliharakisha jambo hilo. "Programu ya kukamata haijasimama. Hiyo skrini inaongopa. Nilisema siku ya majaribio, nikaambiwa nina wivu."

Meneja alicheka kwa wageni. "Huyu ni fundi wetu. Anapenda utani."

"Sijawahi kusikika nikitania," Bibi Kasoro alisema, na hilo lilikuwa kweli.

Daktari alimtazama yeye, akautazama mkono, akamtazama Mtaalamu. Na Mtaalamu, ambaye angeweza kusema tuangalie, ambaye angeweza kusema subirini kidogo, alikunja uso kwa hasira. Mchukieni kwa yote mengine, lakini hakuwa mwoga, na hakuwa tapeli. Aliamini kila alichokisema, hiyo ndiyo ilikuwa shida yake.

"Kila siku wimbo ule ule," alisema. "Haya, mama, pisha. Nitaingiza mimi."

Akaanza kukunja mkono wa koti, akakumbuka kwamba koti likikunjwa litaharibika pasi, akauacha kama ulivyo.

Hapa ndipo pa taulo. Lilikuwa kwapani, mkono mmoja tu ulihitajika kulitoa na kulitupa, na kikapu kilikuwa mbele yake. Bibi Kasoro alikuwa amelipanga tendo hilo usiku na mchana. Lakini sasa mbele yake palikuwa na kitu kilichopita taulo, mtu mwenyewe, anakwenda kwa miguu yake, mbele ya wageni, kukiingia kinywa cha kazi yake. Taulo lingemwaibisha. Hiki kingemfundisha. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, alijisemea, na methali hiyo ilimkaa vizuri sana moyoni kwa wakati ule. Alikunja mikono kifuani juu ya taulo lake.

"Muacheni," alisema. "Si ni mtaalamu."

Mtaalamu aliingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Hakuwa anatazama kikapu, alikuwa anamtazama yeye. Alivuta ile kona ya shuka, na shuka likasogea.

Mkono wa chuma haukufanya haraka. Ulifanya vile vile ulivyokuwa umefanya kwa kila shuka asubuhi ile: uliinama, ukafungua vidole vyake, ukakamata kilichosogea, ukaminya ili kisiteleze, kwa kuwa nguo iliyolowa huteleza. Kisha ukaanza kunyanyua. Sauti iliyosikika ilikuwa ndogo tu. Baada yake Mtaalamu aliita mama yake, siyo mjomba, akaita tena, akiwa amenyanyuliwa mpaka visigino vinatoka sakafuni. Meneja alikimbilia kile kitufe chekundu, akakibonyeza kwa kiganja chote, na mkanda ukasimama. Skrini iliendelea kuwa ya kijani.

Aliyefika ukutani ni dada. Aliung'ata ule utepe, akaupasua kwa kucha, akaivuta plagi na nusu ya kifuniko cha soketi pamoja nayo. Mkono wa chuma ukalegea begani lakini vidole vyake vikabaki vimefumba, na ikabidi yeye na daktari waviachanishe kimoja kimoja, mmoja akivuta huku na mwingine kule, Mtaalamu akiwa amepiga magoti katikati yao. Bibi Kasoro alikuwa bado amesimama pale pale alipokunja mikono.

"Vidole vimevunjika," daktari alisema, akiuzungushia mkono huo kitambaa. "Na hiki kidogo sijui kama kitapona. Leteni gari."

Walipokuwa wanamtoa, Meneja alimpita Bibi Kasoro pale aliposimama. Uso wake ulikuwa umeshuka kama nguo iliyotolewa kwenye kamba. "Ulisema, fundi," alimwambia. "Kweli ulisema." Bibi Kasoro alikuwa amelingoja neno hilo tangu siku ya karanga, na lilipokuja lilikuwa tamu, hakuna haja ya kudanganya. Lilikuwa tamu hata alipokuwa anaona damu kwenye koti.

Ukumbi ukabaki na wanawake wa kikapuni, mvuke, na mashuka yanayopoa. Mmoja aliuliza kama wafanye kazi au waende nyumbani, na hakuna aliyejua wa kumuuliza. Bibi Kasoro alisema wasiguse kitu kwanza. Aliichomeka ile plagi ya mkono na kompyuta yake kwenye soketi nyingine, akavuta kiti, akakaa mbele ya skrini. Dada yake alikuja akasimama nyuma yake, akijifuta gundi ya utepe mdomoni.

Jina la Mtaalamu lilijitokeza kwa herufi zake kubwa. Bibi Kasoro alilifungua lile faili dogo. Lilikuwa fupi kama alivyolikumbuka. Alishuka mpaka mstari wa mwisho, akaweka kidole mbele yake, akaandika neno moja, akahifadhi. Kisha akauwasha mkono, akauacha uamke na kujinyoosha, akabonyeza SIMAMISHA. ZIMESIMAMA ZOTE, skrini ikasema. Aliuliza programu zilizo hai, na ile ya kukamata haikuwamo. Akalitoa taulo kwapani, akalitupa kikapuni. Lilianguka juu ya mashuka na kubingirika kidogo, na mkono haukutikisika.

"Ndiyo imepona?" dada yake aliuliza.

"Imepona. Mkitaka isimame sasa itasimama."

"Ndilo hilo neno ulilokuwa ukilisema?"

"Ndilo."

"Hilo tu."

"Hilo tu, dada. Si nilikwambia? Neno moja. Angenisikiliza leo angekuwa na vidole vyake vyote." Aligeuza kiti, na sauti yake ilianza kupanda, ile sauti ya ofisini. "Lakini watu kama wale huwezi kuwasaidia. Nilimwambia mbele ya mjomba wake, akanijibu faili lisiguswe bila ruhusa yake."

Dada yake alikuwa bado anatazama skrini, pale mahali neno lilipoongezwa. Hakuwa anajua maana yake. Alikuwa analipima tu kwa macho, urefu wake.

"Na leo nani amekupa ruhusa?" aliuliza.

Bibi Kasoro aliigeukia skrini. Mtaalamu alikuwa njiani kwenda hospitali, Meneja yuko naye, na hakuna aliyekuwa amesema lolote kuhusu faili. Kompyuta ilikuwa ile ile, neno lake la siri ni lile lile alilokuwa nalo juzi na siku ya majaribio, na kiti kilikuwa pale pale.

Dada yake hakungoja jibu. Alijifunga upya kitambaa cha kichwani, akawapungia wenzake warudi kikapuni, na yeye akataka kupita kwenda kwenye nafasi yake, lakini kiti cha mdogo wake kilikuwa kimeziba njia kati ya meza na mkanda. Alisimama, akaweka mikono mbele ya aproni kama alivyokuwa akisimama mbele ya Meneja.

"Samahani, mkubwa," alisema. "Naomba nipite."

Bibi Kasoro akasogeza kiti.